Msichana wa Karibu na Spika

Tangu afiwe na mumewe, Jumwa alikuwa akiandika historia ya bendi ya roki aliyoipenda usichanani. Siku hiyo alikwenda Likoni kumhoji aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi hiyo.

"Kaka, mbona bendi ilivunjika?"

"Mwimbaji alihamia Uarabuni, wa ngoma akafariki. Mimi nilikuwa nangoja."

"Ukingoja nini?"

Mzee aliutazama mkono wake wa kushoto, uliopooza. Vidole vilikuwa vimejikunja, lakini kwenye ncha zake sugu za nyuzi za gitaa zilikuwapo bado.

"Kulikuwa na msichana, dada yangu. Kila Jumamosi, kule ukumbini Kisauni, husimama karibu na spika na gauni lake la manjano. Hachezi, asikiliza tu. Nikajiambia, iko siku nitashuka jukwaani nimsalimu. Kisha akaacha kuja. Nikasikia ameolewa."

Kalamu ya Jumwa ilisita. Gauni lile alilishona mwenyewe, kwa ajili ya Jumamosi hizo.

"Hilo usiliandike," mzee alisema. "Si habari ya bendi."

Jumwa aliweka kalamu chini. Akauchukua ule mkono, akaupakata, akaanza kuvikunjua vidole, kimoja kimoja.