Mgongo wa Kijani wa Bi Naetwe

Sheria ilitaka kila aliyetimiza miaka sabini apandikizwe tishu za majani mgongoni, ajitengenezee chakula kwa jua, nafaka ziwabakie vijana. Kila asubuhi Nakijwa alimtoa mama yake, Bi Naetwe, nje uani, akamfunua mgongo, akamwacha aote jua.

Siku wakwe watarajiwa walipokuja kumposa binti yake, Nakijwa aliona haya. Wale walikuwa na mashamba. Wazee wao, waliosamehewa sheria hiyo, bado walikula ugali. Akamfungia mama katika chumba cha ndani kisichoingia jua, iwe siku moja tu. Wageni wakakaa siku nne.

Walipoondoka alikimbilia mlango. Mgongo wa mama ulikuwa umegeuka manjano, na misuli ya miguu imenywea hata asiweze kusimama. Nakijwa alimbeba, akamlaza juani kifudifudi.

"Nisamehe, mama. Mbona hukuniita?"

"Ningekuaibisha, mwanangu," mama alijibu kwa sauti ndogo. "Wageni walishiba?"

"Walishiba, mama."

Alipopitisha mkono mgongoni kumpangusa jasho, kipande cha ngozi kilibanduka, kikavu na chepesi kama jani lililokufa, kikabaki kiganjani mwake. Mama hakushtuka. Nakijwa alikifumbata haraka, akamwambia jua la leo ni zuri.