Stendi ya Kamera Nzito

Stendi ya kwanza ilianza kuinama hata kabla kijana hajaondoa mkono. Miguu yake mitatu ya vipingili vya plastiki ililegea kidogo kidogo, kamera ikalala kifudifudi juu ya kaunta.

"Umeona?" mwenye duka alisema. "Hiyo ni ya simu. Wameandika inabeba kilo moja, lakini kilo ya nani, sijui."

Alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Kijana alikuwa ameambiwa kwamba kwa mambo ya stendi hana mpinzani, na kwamba hamuuzii mtu kitu kabla ya kukijaribu kwa kamera ya mteja mwenyewe. Alivuka mji mzima kumfuata. Isitoshe, upande huu hakuna aliyemjua, na hilo nalo lilimfaa.

"Unataka kuifunga wapi?"

"Kwenye reli ya ngazi, mama. Shuleni. Wanafunzi wa darasa la mwisho, arobaini na wawili, wanapangwa uwanjani, mimi napiga kutoka juu. Ngazi ni nyembamba, stendi ndefu haina pa kusimama. Nataka hii ya miguu ya kupinda."

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Mwalimu mkuu amesema picha zikitoka vizuri, napewa madarasa yote. Zikitikisika, basi tena, nirudi kwenye jembe langu."

Alilisema kama mzaha. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli. Miaka sita ya jembe na sepetu, jua lake, mvua yake. Wa saba hakuutaka.

Mama alishusha stendi nyingine kutoka rafu ya juu. Hii miguu yake ilivikwa mpira, na ndani mlikuwa na waya mnene. Aliipinda, akaikunjua, akaipinda tena, akitega sikio kama daktari.

"Sikiliza, mwanangu. Kamera na lenzi yake zikiwa na kilo moja, wewe tafuta stendi ya kilo mbili. Lenzi inavuta mbele, kama mtoto aliyeona pipi. Ukipima sawasawa na uzito, itakuaibisha mbele za watu."

"Sawa, mama."

Aliigeuza kamera chini juu ili akaze skrubu. Akavaa miwani. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko skrubu moja inavyostahili.

"Hii umeipata wapi?"

"Nilinunua kwa jamaa mmoja. Amehama, yuko mbali." Jibu hilo alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima, likatoka laini.

"Mkanda wake je?"

"Ulikatika."

"Na huu ukungu ndani ya lenzi?"

"Ilikaa mahali penye unyevu kidogo. Nimeianika siku tatu. Inapiga vizuri tu."

"Ndiyo. Unyevu," mama alisema, akavua miwani.

Kijana aliutazama mlango. Swali moja zaidi, alijiambia, naondoka. Lakini kuondoka bila stendi ni kuondoka bila shule, na kesho haikuwa na siku nyingine nyuma yake. Akabaki. Mama naye hakuuliza zaidi. Alilisogelea bomba lililopita kando ya dirisha, akalizungushia miguu ya stendi, mmoja juu, miwili chini, taratibu kama mtu anayesuka nywele za mtoto.

"Kila mguu uzunguke mara mbili. Ukiuzungusha mara moja, utakuponyoka." Akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Sasa dakika kumi. Kabla ya dakika kumi mimi siuzi."

Kamera ilining'inia pale, jicho lake limeelekea chini. Kijana aliitazama kamera. Mama alimtazama kijana.

"Sura yako si ngeni kwangu," alisema mama dakika ya sita au ya saba.

"Hizi sura zetu ni za jumla, mama. Ukimwona mmoja umewaona wote."

Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha hata upande huo ukazima.

Dakika ya kumi ilifika. Stendi haikuwa imeinama hata unene wa ukucha. Mama aliinua jicho la kamera, akapiga picha moja ya kalenda iliyokuwa ukuta wa pili, kwa mwanga hafifu ule ule wa dukani, akaikuza kwenye kioo cha kamera mpaka zikabaki tarakimu tu. Kila tarakimu ilisomeka.

Kijana alishusha pumzi. Alijiona yuko juu ya ngazi, watoto wamenyooka mistari mitatu, na yeye ana mikono safi.

"Nachukua hii hii, mama. Shilingi ngapi?"

"Chukua tu. Hela yako siitaki."

"Mama, hapana, nitalipa. Umenisaidia sana, mimi..."

Mama aliichomoa kamera kwenye stendi. Hakumpa. Aliishika kwa mikono miwili, akaibana kifuani, na sauti ilipomtoka ilikuwa ile ile ya kueleza mambo ya stendi.

"Nimekukumbuka. Pale kaburini mlikuwa wachimbaji wanne, wewe ulishika kamba ya upande wa miguuni. Hii nilimvalisha mwanangu shingoni kwa mkono wangu, nikasimama hapo mpaka jeneza likafungwa. Nakuuliza kitu kimoja tu, baba, halafu uende. Ulipolifungua, alikuwa bado amelala vile nilivyomlaza?"