Nafasi ya Yasiin

"Wewe na waragi yako ndio mlimuua mwanangu!"

"Kwani nilimbana pua nikamnywesha, Mama Yasiin?" jirani muuza pombe alimjibu, mikono kiunoni, waombolezaji wakitega masikio.

Hapo binti mmoja mwenye faili akabisha hodi. Alitoka kwenye utafiti wa kutibu walevi.

"Samahani, mama. Ufadhili ulichelewa, ila sasa umetoka. Yasiin aliomba mwaka jana kutibiwa. Nafasi yake ipo."

Akatoa fomu. Mama Yasiin hakuwahi kuambiwa. Alipapasa saini ya mwanawe, pale mkono ulipomtetemeka Yasiin hata kalamu ikatoboa karatasi.

Jirani akajifunika uso kwa mtandio.

"Leo ni arobaini yake, binti yangu," mama akasema. "Karibu ndani, ule."