Misimu Miwili ya Hashimu

"Mechi thelathini na moja," alisema Mzee Ismail, akaisukuma karatasi katikati ya meza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa mzoga wa nzi. "Misimu miwili. Huyo ndiye mnataka tumchore ukutani?"

Kasmir aliirudisha karatasi mbele ya mzee.

Walikuwa watano, kamati nzima ya Sikukuu Rangers, wamejibana kwenye chumba cha juu cha jengo la klabu, juu ya maduka ya vitenge, feni ikizungusha joto lilelile. Walitakiwa kuchagua mchezaji wa kumi na wa mwisho wa kuchorwa kwenye Ukuta wa Heshima. Tisa walishapita bila ubishi, wa kwanza wao Ismail mwenyewe: misimu kumi na sita, beki wa kati, nahodha. Sasa walikuwa wamekwama kwa Hashimu.

"Mzee, kwa heshima zote," alisema Kasmir, "katika hao tisa, yupi ambaye watu walifunga maduka kwenda kumwangalia? Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeshuka kutoka Rombo, nauza chupa za chai dukani kwa mjomba, hapo Mtaa wa Kongo. Siku Hashimu akicheza, mjomba anafunga saa nane mchana. Mchaga, mzee! Anafunga duka!"

Maimuna, katibu wa klabu, aliangua kicheko. Wengine nao wakacheka. Ismail hakucheka.

"Ukuta ni wa waliodumu," alisema.

"Angedumu vipi na goti limevunjika? Ametufikisha fainali, tumefungwa kwa bahati mbaya, na siku mbili tu baadaye anaumia mazoezini, kwenye uwanja wetu, ndani ya jezi yetu. Leo tunamhesabia mechi? Hatuoni haya?"

"Jina lake liko vizuri huko mitaani, Kasmir. Liacheni hukohuko."

Kasmir alimtazama yule mzee na kofia yake safi, anatafuna karafuu polepole kama asiye na deni na mtu, na hakuona kingine isipokuwa choyo. Nani asiyejua kwamba Ismail alifunga mabao manne maisha yake yote, mawili kati ya hayo kwenye lango lake mwenyewe? Hashimu aliwahi kufunga manne kabla ya mapumziko. Mtu wa namna hii, aliwaza Kasmir, anaikalia heshima kama kuku anavyoatamia mayai viza: hayaanguliki na hataki mwingine asogee.

"Sema tu ukweli, mzee," alisema. "Unaogopa picha yake ikiwa pembeni ya yako, hakuna atakayekutazama."

Maimuna aliinamia daftari lake. Ismail alifungua mdomo, akaufunga, akasema tena kwa sauti ya chini, "Misimu miwili haitoshi."

Wakapiga kura. Mikono mitatu ikakubali, miwili ikakataa.

"Mmenishinda," alisema Ismail, akiinuka kwa kushika meza. "Ila kabla hamjamwita fundi wa rangi, nenda kamuulize mwenyewe kama anataka."

"Nani asiyetaka heshima?"

"Kamuulize, mwanangu."

Alinyoosha mkono kuaga. Kasmir aliutazama ule mkono, akageuka, akashuka ngazi. Nje alitema mate kwenye mtaro, lakini uchungu haukumtoka mdomoni.

Alipanda bajaji mpaka Ilala, kwenye kibanda ambamo Hashimu alikuwa akitengeneza cherehani. Tangu aache mpira, Hashimu hakuwahi kukanyaga tena Mtaa wa Sikukuu, lilipo jengo la klabu, na Kasmir hakumlaumu. Nani angerudi kwa watu waliomtupa kama ganda la muwa?

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mangi," alijibu Hashimu, kama mjini wanavyowaita Wachaga wenye maduka. "Leo umefunga duka mchana kweupe?"

"Nimekuletea habari ambayo haingojei jioni." Kasmir akavuta kigoda, akamweleza yote: ukuta, kura, fundi wa rangi.

Hashimu aliacha kuzungusha gurudumu la cherehani. Hakutabasamu.

"Ismail alipiga kura gani?"

"Ya kukataa. Yule mzee ameoza, kaka. Nimeona kinyaa hata kukaa naye meza moja. Saa mbili nzima anakuhesabia mechi!"

"Alisema nini?"

"Misimu miwili. Anarudia hilohilo kama kasuku."

"Na jingine?"

"Jingine analo basi? Nimemwambia mbele ya wote kwamba ana choyo. Akakosa la kujibu."

Hashimu aliinamisha kichwa. Mabega yalimtikisika, Kasmir akadhani ni furaha, akamwekea mkono mgongoni.

"Miaka ishirini na mbili," alisema Hashimu. "Na hata leo, unamtukana mbele za watu, hakusema."

"Hakusema nini?"

"Goti langu ni zima, Mangi. Fainali ile niliiuza, na Ismail alinikuta na bahasha ya pesa mkononi. Akaniambia, 'Kesho mazoezini anguka, ushike goti, usirudi tena. Mama yako anauza nazi pale sokoni, sitaki watu wamtemee mate.'"