Mtihani wa Kofia Tatu

Ninian Purves alikuwa amelala chali juu ya barafu ya ziwa la Duddingston, na chini yake zilikuwa kofia tatu za waungwana, zimekuwa bapa kama mikate ya shayiri.

"Yale yale ya mwaka jana," alisema Jonet, muuza supu ya kichwa cha kondoo pale ukingoni, akimgeukia mke wa aliyeanguka. "Mama Purves, mumeo hachoki?"

"Hachoki," alijibu Grizel, shali yake ikiwa mdomoni.

"Angekuwa wangu ningemfungia ndani pamoja na vyuma vyake vya kutelezea. Hawa mabwana hawampokei mtu wa kawaida, hata aruke paa la kanisa."

Grizel akaiuma shali. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Jonet alipoyaona akamjazia bakuli la supu bila kudai kitu.

Masharti ya Klabu ya Kuteleza kwenye Barafu yalijulikana Edinburgh nzima. Anayetaka uanachama achore duara kamili juu ya barafu kwa mguu wa kulia, kisha kwa wa kushoto. Baada ya hapo aruke kofia moja, halafu mbili zilizopandana, halafu tatu. Nazo ziwe kofia za wasimamizi wenyewe, zivuliwe vichwani papo hapo. Hivyo ndivyo walivyoandika waasisi, wakiwa wameshiba na kunywa.

Rais wa Klabu, Sir Mungo Haliburton, alifaulu mtihani huo mwaka ambao msimamizi alikuwa mjomba wake, na kofia zilipangwa kandokando badala ya kupandana. Tangu hapo hakuna aliyemwona akiruka chochote. Lakini alijua kusimama juu ya barafu mikono nyuma, kidevu juu, na kwa waungwana hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mchezo.

Miduara ya Ninian asubuhi ile haikuwa na kasoro. Wasimamizi waliinama wakaikagua mpaka pua zao zikakaribia kuganda, wakakosa pa kukosoa. Bwana Tulloch, katibu, akasema kwamba ni mizuri kupita kiasi, kwani mtu wa nyumba ya heshima hapati muda wa kujifunza hivyo. Kofia ya kwanza Ninian aliiruka kama paka. Mbili vilevile. Kwenye tatu akapaa vizuri, akajipinda kidogo angani, akatua pale pasipotakiwa.

Sasa Bwana Tulloch aliokota kofia yake, akaingiza ngumi ndani ainyooshe. Ngumi ikatokea upande wa pili.

"Sir Mungo," alisema, "kwa nini tusitumie ndoo? Au matita ya majani makavu. Kila mwaka narudi nyumbani kichwa wazi, napata mafua."

Grizel akaacha kunywa supu.

"Muungwana haruki ndoo, Tulloch," alisema Sir Mungo, akijifunga leso kwenye upara. "Ndoo zinarukwa na ng'ombe. Waasisi walisema kofia. Tukianza na ndoo leo, mwakani mtaniletea wanawake kwenye barafu."

Grizel akaendelea na supu yake.

Lakini Sir Mungo alikuwa akimtazama Ninian, ambaye bado alikuwa chini akiugulia kiuno, na kitu fulani kikamlainika moyoni. Akawavuta wenzake pembeni. Wakanong'onezana. Msimamizi wa tatu, mzee kiziwi, akaitikia kwa kichwa bila kujua analoitikia.

"Purves, inuka," alisema Sir Mungo. "Tumeshauriana. Wewe unaanguka vizuri kuliko wengi wetu tunavyosimama. Hatutaki kukutesa tena. Kwa hisani ya Klabu, tunakupokea."

Jonet akamshika Grizel mkono. "Umesikia, Mama Purves? Wamempokea mumeo."

Grizel alikuwa amesikia. Uso ulimpauka, na supu ikamwagikia sketi bila yeye kuhisi joto lake.

Ninian aliinuka polepole, akajikung'uta barafu. Alimtazama mkewe kule ukingoni, kisha akamtazama Sir Mungo.

"Nashukuru, mheshimiwa," alisema. "Ila sheria ni kofia tatu. Nikiingia kwa kuhurumiwa, kila nikikuona nitaona haya. Nawe utakuwa umelivunja neno la waasisi kwa ajili ya mtu kama mimi. Hapana. Niruhusuni nirudi mwakani nijaribu tena, kwa kofia zenu."

Sir Mungo akamsogelea. Alivua glavu akampa mkono, jambo ambalo hakuwa amewahi kumfanyia mtu asiye na shamba.

"Mabwana," aliwaambia wenzake, "mtazameni vizuri, huyu ndiye muungwana. Klabu itamsubiri. Na kofia zetu zitamsubiri." Akafuta jicho kwa ncha ya leso iliyokuwa kichwani mwake.

Mume na mke wakashika njia ya kurudi mjini, Ninian akichechemea, amemwegemea Grizel begani, huku Jonet akiwatazama na kutikisa kichwa kwa huzuni. Walipolipita kanisa, na ziwa likapotea nyuma ya kilima, Ninian aliliachia bega la mkewe akaanza kutembea kama watu wengine.

Grizel alikuwa ameshatangulia, akipapasa mfukoni ufunguo wa duka la kofia alilorithi kwa baba yake.

"Kaza mwendo, mume wangu," alisema. "Wale wana farasi, wasije wakatukuta bado tumefunga."

"Safari hii washonee ndefu zaidi," alisema Ninian. "Hizi nilikaribia kuziruka."