Moshi wa Buluu

Fundi Mkumbo alichomoa bomba la turbo, akamwonyesha Siwema oili iliyojaa ndani.

"Injini ni nzima. Turbo ndiyo inayovujisha oili, ndiyo maana moshi ni wa buluu. Ilianza zamani."

Siwema alimgeukia kaka yake, Zuberi, aliyemuuzia gari hilo.

"Ulijua?"

"Nilikuwa naongeza oili tu. Sikudhani itafika huku."

"Nilimfukuza mume wangu kwa moshi huu, kaka. Nilimwambia ameliua gari. Nawe ulikaa sebuleni kwangu, unaniitikia."

Zuberi alinyoosha mkono ambembeleze. Siwema aliupiga kofi.

"Rudishia bomba, fundi."

Fundi alipomaliza, Siwema aliingia garini, akawasha, akakanyaga mafuta mpaka injini ikanguruma. Nyuma, moshi ulimfunika Zuberi polepole, kuanzia miguuni.