Bangili ya Maumivu

Siku hizi mwalimu wa mazoezi haruhusiwi kukufundisha mpaka avae bangili inayomfanya ahisi maumivu yako. Sheria nzuri, ila kwa unene wangu huu na magoti yaliyochakaa, walimu watatu walishanikimbia.

Wa nne, Sekela, aliivaa sebuleni kwangu, akakaa chini papo hapo.

"Mama, unatembeaje na haya?"

"Hivyohivyo, mwanangu."

Akanivutia kiti. "Basi yoga yetu ni ya kukaa."

Tukainua mikono, tukapumua, nikageuza kiuno taratibu. Nilipozidisha, yeye ndiye aliyekunja uso, tukarudi nyuma. Baada ya nusu saa akatabasamu. "Yanapungua, Mama. Nayahisi."

Mume wangu Shekue, ambaye miaka yote huniambia ni uvivu tu, akacheka kwenye kochi. "Hebu ilete hiyo."

Akaivaa. "Mbona kawaida?"

Nikainuka kwenda kuteleka chai, kama kila siku. Shekue akapiga ukelele.

"Kaa, Mama Salha," akasema kwa sauti ndogo. "Naenda mimi."

Hakuivua. Nikabaki nimesimama kumtazama, naye akaenda jikoni akishika ukuta, palepale ambapo viganja vyangu vimebandua rangi.